Ubaridi wa Mark Two

Mark Two ya Mwinyimvua ilijulikana Bagamoyo nzima kwa mambo mawili: ilikuwa baridi, na ilikuwa ikinukia. Magari meupe ya kubebea maharusi yapo mengine mjini, na mengine ni mapya kuliko hilo, lakini hakuna lililompakia bibi harusi Dunda likamshusha Mapinga na wanja wake ukiwa pale pale ulipopakwa. Sabiha, mkewe, ndiye aliyekuwa akiwapamba maharusi hao. Mke anapamba, mume anasafirisha, na ubaridi unalinda kazi ya wote wawili.

Basi Jumatano moja, siku nne kabla ya kumchukua binti wa Bi Rukaya, Mwinyimvua aliwasha gari uani kulijaribu. Akabonyeza AC, akaweka kiganja mbele ya tundu la upepo. Ukatoka upepo mdogo wa uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyeshiba.

"Mama Swaumu!" akaita. "Hebu njoo uweke mkono hapa."

Sabiha alikuwa akisaga liwa ya kuwasinga maharusi. Alikuja na mikono iliyotapakaa liwa, kwa hiyo akaweka shavu badala ya mkono.

"Gari lako lina homa," akasema.

"Litapoa. Halijachangamka bado."

"Tangu mfungo halijachangamka! Yule bibi harusi wa Kiromo alifika kope moja iko shavuni, nikakuambia, ukasema gundi mbovu."

"Ilikuwa gundi."

"Gundi yangu, eti. Haya, Jumapili ni mwendo wa mpaka Mapinga, vioo juu, pazia nyuma, na bibi harusi kafunikwa gubigubi. Akifika ametota, hawatasema gari la Mwinyimvua bovu. Watasema Sabiha hajui kupamba. Na la kusema juu yangu wanalo tayari, usiwaongezee la pili."

La kwanza lilikuwa hereni. Miaka miwili nyuma, siku ya harusi ya binti wa Bi Kuruthumu, hereni moja ya dhahabu ya bibi harusi ilipotea baina ya kupambwa na kuingizwa ndani kwa mumewe. Viti vya Mark Two viling'olewa, mazulia yakakung'utwa, haikuonekana. Bi Kuruthumu hakumwita mtu mwizi, maana mwanamke wa mjini hasemi hivyo. Aliichukua ile hereni iliyobaki, akaitia kwenye mkufu, akawa anaivaa shingoni kila harusi anayoalikwa. Akiulizwa mbona iko moja, hujibu, "Mwenzake muulizeni Sabiha, ndiye aliyeishika mwisho." Tangu hapo watu waliendelea kumpa Sabiha kazi kwa kuwa mkono wake hauna mfano, lakini dhahabu walimhesabia.

Siku ile Mwinyimvua alimtetea mkewe mbele ya watu mpaka sauti ikamkauka. Ila kulikuwa na jambo ambalo yeye na Mungu wake tu ndio waliolijua, au ndivyo alivyodhani. Sabiha alipokwenda kuoga, Mwinyimvua alifungua sanduku la nguo la mkewe akalipekua mpaka chini. Hakukuta kitu. Akarudishia nguo, akafunga, akatoka nje kuendelea kumtetea.

*

Fundi wa AC mjini alikuwa mmoja tu, Feisal, naye alikuwa mwana wa Bi Kuruthumu huyo huyo.

"Huko hatuendi," akasema Sabiha.

"Mama ni mama, fundi ni fundi. Spana haina mambo ya wanawake."

Feisal alikuwa kijana mwenye adabu nyingi, zile za kumfanya mtu aangalie mfuko wake ulipo. "Shikamoo, mzee Mwinyi. Shikamoo, mama." Akafungua boneti, akaigonga kompresa mara mbili kwa mpini wa bisibisi, akainamisha sikio.

"Kompresa imekufa, mzee."

"Haitengenezeki?"

"Maiti haipewi dawa, mzee wangu. Inazikwa. Kuna moja nitaagiza Dar, imetoka Japani na mafuta yake ndani. Laki tatu na nusu, pamoja na gesi na mkono wangu. Kwa mtu mwingine ningesema nne." Akaingiza kichwa ndani ya gari, akavuta pumzi. "Lakini harufu hii! Mzee, hii asumini unaipulizia na nini?"

Mwinyimvua akatabasamu. "Siri ya kazi, mwanangu."

Siri hiyo hata mkewe hakuwa ameambiwa. Kila bibi harusi aliposhushwa, kikuba chake, kile kishada cha asumini na rehani alichovaa kifuani, kilivuliwa na kuachwa garini, maana kikuba cha bibi harusi hakitupwi njiani kikakanyagwa. Mwinyimvua alikuwa akikisokomeza kwenye mdomo wa kuvutia hewa, chini ya dashibodi, miguuni mwa abiria wa mbele. Feni ikizunguka, matundu yote yanatoa asumini kwa wiki nzima. Kikuba kikikauka kilimezwa huko ndani, naye alihesabu kwamba kimekwisha, kama sabuni inavyokwisha. Na kila kabla ya safari, Sabiha naye aliweka chetezo cha udi hapo hapo miguuni, feni ikiwa imewashwa, ili gari linywe moshi.

Laki tatu na nusu zilitoka kwenye upatu wa Sabiha. Zamu yake ilikuwa imefika mwezi huo, na alikwisha kuzitengea kioo kikubwa cha kupambia, cha mtu mzima kujiona mpaka miguu. Alizihesabu mara moja tu, akampa mumewe bila kumtazama.

Ijumaa asubuhi gari likarudi na kompresa inayong'aa rangi ya fedha. Kwa dakika tano upepo ukaridhisha. Walipofika sokoni ukawa vuguvugu. Mwinyimvua akageuza gari.

"Litazoea, mzee," akasema Feisal, akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Hata binadamu akiwekewa figo ya mtu mwingine, mwili unaikataa kwanza. Lipe siku tatu."

"Siku tatu ni Jumatatu. Harusi ni Jumapili."

"Basi tuombe dua," akasema Feisal.

*

Alasiri hiyo Sabiha alikwenda kwa Bi Rukaya kumtia hina Mwanahija, bibi harusi. Aliwakuta wanawake kumi wamekaa mkekani, na katikati yao Bi Kuruthumu, hereni yake moja ikining'inia kifuani. Dhahabu ya bibi harusi ilikuwa kwenye sinia.

"Tuihesabu kabla," akasema Bi Kuruthumu kwa upole. "Si kwa ubaya. Mali ya mtoto hiyo. Mwanahija, hesabu kwa sauti, mwanangu, wote tusikie."

Binti wa watu akaona haya, lakini akahesabu. Bangili sita. Mikufu mitatu. Pete nne. Hereni, akasita, hereni jozi mbili. Bi Rukaya aliangalia ukuta. Hakuwa mwanamke mbaya, ila hakuwa na ubavu wa kugombana na mgeni mwenye mdomo siku mbili kabla ya harusi.

Sabiha alikoroga hina katika bakuli lake mapajani mpaka hesabu ikaisha. Moyo ulimuuma kama siku ya kwanza. Jambo hili halikuwa na mazoea.

"Mmesahau vidole," akasema.

"Vidole gani?"

"Vya bibi harusi. Navyo nitavishika. Vihesabuni kabisa, kisije kikapungua kimoja mkasema nimeondoka nacho."

Wanawake wakacheka, wengine wakajificha kwenye mitandio. Bi Kuruthumu naye alicheka, kidogo, kwa jino la mbele.

"Sabiha kwa maneno! Haya, na gari je? Nasikia linaumwa. Rukaya, usihangaike, Feisal wangu ana Harrier, ubaridi wake utadhani friji la bucha. Na yupo binti mmoja wa Dar anapamba, anakuja na gari."

Hapo Sabiha akaelewa jinsi kamba ilivyosukwa baina ya mama na mwanawe. Bi Rukaya akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Dada yangu, mimi sina neno na wewe. Lakini wakwe wanaleta watu wa video. Kesho jioni lileteni gari hapa, niingie mwenyewe, nifunge vioo. Nikitoka jasho, nisamehe tu, mtoto ataenda na Harrier. Na huyo wa Dar."

"Utaingia, na utatetemeka," akasema Sabiha. Hakujua kabisa ni kwa njia gani.

*

Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwambia Mwinyimvua kwamba AC zilizoshindikana zote hupelekwa Chalinze, kwa mtu aitwaye Fundi Baridi. Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, mume na mke wakashika njia ya Msata, vioo vyote chini. Chalinze waliulizia, wakaelekezwa kwenye kibanda nyuma ya maegesho ya malori. Hapo walimkuta mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli, anakula chapati.

"Shikamooni," akawasalimu.

"Marahaba. Tunamtafuta Fundi Baridi," akasema Mwinyimvua. "Mumeo yuko?"

"Mume hata mimi namtafuta, baba. Mkimpata mniletee. Gari lina nini?"

Sabiha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Fundi huyo aliitwa Vaileth, kwao Iringa, na alikuwa na namna ya kulisikiliza gari bila kuligonga. Aliwasha AC, akashika kipande cha uzi mbele ya tundu la upepo. Feni ilinguruma kwa nguvu zote, uzi ukatikisika kidogo tu. Akafungua boneti, akagusa bomba moja, akamwita Sabiha aguse naye.

"Barafu!" akasema Sabiha.

"Enhe. Kompresa inafanya kazi yake vizuri. Baridi ipo, mama, imekosa njia ya kutokea."

"Kompresa mpya hiyo," akasema Mwinyimvua. "Ina siku moja."

Vaileth akainama, akaitazama ile rangi ya fedha. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua. Rangi ikatoka na kitambaa, na chini yake kikaonekana chuma kikuukuu, sikio lake moja la kufungia limevunjika na kuzungushiwa waya wa bluu.

Mwinyimvua aliutazama ule waya. Alikuwa ameufunga kwa mikono yake mwenyewe, mwaka juzi, nje ya nyumba yake, kwa koleo la jirani.

"Hii ni yangu," akasema.

"Kwani ulitaka ya nani?" akauliza Sabiha. "Tumeuziwa kompresa yetu wenyewe! Laki tatu na nusu kwa kopo la rangi!" Akaona nusu ya kioo chake cha kupambia, kisha nusu ya pili, zote zinakwenda.

Vaileth alikitupa kile kitambaa. Mambo ya mafundi wenzake aliyajua. Alifungua droo ya dashibodi akaing'oa, akaondoa bolti nne. Harufu iliyotoka ilimrudisha hatua moja nyuma.

"Jamani! Humu mlimzika bibi harusi gani?"

Akavuta nje evapureta, kile chuma chenye mapezi membamba ambacho upepo hupita ukapoa. Mapezi hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa blanketi la kahawia lenye kunata: maua makavu, majani ya rehani, nyuzi, punje za mchele, na juu ya yote masizi ya udi.

"Mzee," akauliza Vaileth, "ulikuwa unatia nini humu?"

Mwinyimvua akakohoa. Akaangalia malori. Mwisho akasema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari, "Vikuba."

"Vingapi?"

"Kila bibi harusi, kimoja."

"Tangu lini?"

"Tangu ninunue gari."

"Hii haisafishiki tena," akasema Vaileth. "Chuma kimeliwa, na hapa panachuruzika mafuta, maana yake gesi inavuja. Hii inabadilishwa. Ninayo ya Mark Two iliyopinduka hapo mbele, ni nzima. Bei yake haifiki nusu ya hiyo rangi mliyonunua."

Alipokwenda kuichukua, Sabiha alichutama kando ya lile blanketi la takataka, akaanza kulichambua kwa vidole, kwa udadisi tu. "Hizi shanga za yule wa Mbegani. Uzi huu nilimfungia mtoto wa mwalimu." Akavuta uzi mwingine, wa hariri nyekundu. Vikuba vyake vyote alivifunga kwa uzi mweupe. Mwekundu aliutumia mara moja tu, kwa kulazimishwa na Bi Kuruthumu aliyesema mweupe ni wa masikini. Uzi ulikuja na kishada chake kilichokauka, na katikati ya kishada, ndoano yake ikiwa imenasa barabara, ilikuwapo hereni.

Sabiha aliifuta kwa mate. Dhahabu haina kinyongo. Iling'aa hapo hapo.

"Baba Swaumu," akaita polepole. "Kikuba hiki nani alikitia humu?"

Mwinyimvua alikuwa ameiona. Akaketi kwenye tairi. "Mimi."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

Sabiha akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Miaka miwili amehesabiwa bangili na watoto wadogo. Miaka miwili, na kila siku alipanda gari hilo na kukaa mbele, hereni ikiwa shubiri mbili kutoka gotini pake.

"Tukifika tu tunakwenda kwa Kuruthumu," akasema mumewe.

"Hatuendi popote. Wewe hujaona kitu." Akaifunga hereni kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Adhuhuri Vaileth alimaliza kufunga evapureta, akavuta hewa yote kwenye mabomba, akatia gesi. Kisha akakata kipande cha wavu wa dirishani, akauziba mdomo wa kuvutia hewa na kuukaza kwa waya. "Ua likipita hapa, baba, usinirudie." Akawasha. Upepo uliotoka ulimfanya Mwinyimvua afunge kifungo cha shati.

Jioni, mlangoni kwake, Bi Rukaya aliingia garini, akafunga vioo. Alitoka baada ya dakika kumi akiomba mtandio.

*

Jumapili Mwanahija alishuka Mapinga mkavu, wanja umenyooka, kope zote mahali pake, na vipele vya baridi mikononi. Shangazi wa bwana harusi alimshika, akashtuka, akauliza kama mtoto hana malaria. Watu wa video walimzunguka wakaridhika.

Ndani ya ukumbi wa wanawake muziki ulikuwa umepamba moto. Kila wimbo ukipigwa wanawake waliinuka na noti zao kumtunza Bi Rukaya, na Bi Kuruthumu alikuwa katikati, anamchezea kando kama mwenye shughuli, hereni ikiruka kifuani. Sabiha alikuwa ameketi ukutani pamoja na sanduku lake la vipodozi, mahali wanapokaa wenye kazi zao. Alikuwa amejifunga kanga mpya iliyoandikwa *Usilolijua litakusumbua*.

Akainuka. Akaingia uwanjani akicheza, taratibu, kwa mabega, noti ya elfu kumi imekunjwa baina ya vidole viwili na kuinuliwa juu wote waione. Wanawake wakapisha. Akampita Bi Rukaya. Akaenda mpaka mbele ya Bi Kuruthumu, akamzunguka mara moja, akamwekea ile noti kiganjani na kumfumba vidole.

Mpambaji anamtunza Kuruthumu! Vigelegele vikapasua paa. Bi Kuruthumu, aliyependa kutunzwa kuliko kula, akaifungua noti ili kila mtu aone ni ya ngapi.

Ndani ya noti hereni ikameremeta.

Wa kwanza kuiona alikuwa Bi Rukaya, wa pili mpiga video. Hakukuhitajika maelezo, kwa maana ushahidi Bi Kuruthumu mwenyewe alikuwa ameuvaa shingoni: hii na ile, ndugu wa tumbo moja. Muziki uliendelea, lakini wanawake hawakucheza tena, waliangalia.

"Ilikuwa ndani ya kikuba cha mwanao," akasema Sabiha, kwa sauti ya kufika ukutani. "Kimefungwa uzi wako mwekundu. Ihesabu, Bi Kuruthumu. Moja. Na hiyo yako, mbili."

Bi Kuruthumu aliifunika hereni ya kifuani kwa kiganja cha pili. Sabiha akainama kama anayembusu, akamnong'oneza sikioni, "Cha kwangu hakijarudi. Mwambie Feisal nimefika Chalinze na rangi yake imetoka kwa petroli. Nikitoka mlangoni kabla hajanitumia laki zangu, nitarudi kucheza wimbo wa pili."

Bi Rukaya alimshika Sabiha mkono asirudi ukutani, akamkalisha mkekani jirani na bibi harusi. Hakusema samahani. Alimmegea sambusa kwa mkono wake, na Sabiha, aliyekuwa amejiandaa kukasirika, akaila.

Kabla sahani hazijaondolewa simu yake ikatetemeka. Laki tatu na nusu, kutoka kwa Feisal, na ada ya kutolea ameiweka.

*

Walirudi jua likiwa bado liko juu. Mwinyimvua alimfungulia mkewe mlango wa mbele. Sabiha akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha maharusi, akavuta pazia.

"Vioo juu," akasema. "Baridi yote."

Walikwenda hivyo mpaka Kiromo, na dereva ana furaha yake. "Uso wa Kuruthumu ule! Mimi siku zote niliwaambia, mke wangu si mwizi. Siku ile ile ya kwanza nilisimama nikasema."

"Ulisema. Nilikusikia kutoka bafuni." Sabiha alisogeza pazia. "Kanga zangu huzikunja pindo ndani, Baba Swaumu. Jioni ile nilizikuta pindo nje."

Gari liliyumba kidogo likarudi njiani.

"Ulijua?" akauliza Mwinyimvua. "Miaka yote miwili?"

"Nilijua kabla sijakauka maji."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wakati ule, ungesema mwizi ana maneno. Nikangoja ionekane."

"Nisamehe, mke wangu."

"Endesha."

Akaendesha. Upepo ulikuwa baridi kweli kweli, na shingo yake ilikuwa na jasho. Walipoingia mjini Sabiha alivua kikuba chake kifuani, asumini mbichi ya siku ile, na Mwinyimvua, kwa mazoea ya miaka, akanyoosha mkono nyuma kukipokea.

Sabiha aliutazama ule mkono. Akaushika, akaukunja vidole kimoja kimoja, akaurudisha kwenye usukani.

"Hiki nitakishika mwenyewe," akasema.